Salma, Kuhusu Mchoro wa Tisa

Salma mwanangu,

Nimeianza barua hii mara tatu tangu adhuhuri, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama umeweka sweta kwenye begi. Mara ya pili nilikwenda kuangalia sweta ileile. Mara ya tatu sikuwa na sababu, nilisimama tu uani nikizitazama nguo zako kwenye kamba, mpaka baba yako akaniuliza kutoka mlangoni, "Mama Salma, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu. Nikarudi hapa mezani.

Mambo ya kula kwa wakati na kuangalia mizigo safarini hutayakuta humu. Hayo nimekwisha kukuchosha nayo. Nataka kukueleza kwa nini nilikufokea Jumatano.

Unakumbuka ulivyokuwa umekaa. Ulikuwa na ile ripoti ya malaria ambayo ofisi yako mpya ya Dar es Salaam ilikutumia uitengeneze kabla hujaripoti kazini. Maandishi yenyewe yalikuwa kwenye LaTeX, ile programu ya kupangia kurasa, kwa herufi zile nyembamba zenye vijiguu, lakini grafu zilikuja kama picha, zina herufi nene zisizo na vijiguu, na majina ya wilaya yamekuwa madogo kama sisimizi kwa sababu picha ilibanwa ienee kwenye ukurasa. Jicho lako lilikataa, kama langu lingekataa. Nikakuona unachora kisanduku cheupe juu ya jina la wilaya, unalifunika, halafu unaandika jina upya juu yake kwa herufi za ripoti.

Nilisema, "Usifanye hivyo."

Ukasema, "Mama, ni herufi tu."

Nikapaza sauti ambayo hukuwahi kuisikia, nikakifunga kifuniko cha kompyuta yako na vidole vyako bado viko juu ya vitufe. Ulinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Kesho yake hukuniuliza, nami sikusema. Leo ni Jumamosi. Kesho unaondoka.

Maneno yako yalikuwa yangu, Salma. Niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, ulipokuwa darasa la tatu.

Wakati huo nilikuwa na meza yangu Wandegeya, karibu na chuo kikuu, kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza, kati ya mashine ya fotokopi na fundi wa simu. Uliwahi kulala chini ya meza ile baada ya shule, sijui kama unakumbuka. Mimi ni mtoto wa askari magereza, nimezaliwa kwenye nyumba za askari kule Luzira, na shule yangu iliishia njiani. Kuchapa nilijifunza kwenye mashine ya chuma. LaTeX nilifundishwa na mhadhiri mmoja wa hesabu aliyechoka kuona wachapaji wakimharibia milinganyo yake. Alikaa nami wiki nzima, akanionyesha jinsi ya kuamrisha ukurasa kwa maneno badala ya kuusukuma kwa mkono, akaniachia kitabu cha maelekezo, akaenda zake. Kilichobaki nilijifundisha mwenyewe, kosa kwa kosa.

Nikawa hodari. Nakwambia bila kujivuna, au labda ninajivuna, maana ndipo shida ilipoanzia. Wasimamizi wa tasnifu walikuwa wanawaambia wanafunzi wao, "Nenda kwa Mama Salma." Walichokipenda ni kwamba kwenye kazi yangu huwezi kuona maandishi yanaishia wapi na mchoro unaanzia wapi. Herufi za kwenye mhimili wa grafu zilikuwa ndizo herufi za aya, ukubwa uleule na unene uleule. Wengine walikuwa wanabandika michoro kama viraka vya nguo nyingine. Mimi nilikuwa nashona.

Na nilijua njia iliyo sahihi. Unamwomba mwenye kazi namba zake na yale maagizo aliyoipa kompyuta ichore. Unachora upya kwa upana uleule ambao mchoro utakaa nao kwenye ukurasa, ili usibanwe na herufi zisisinyae, na unaiacha LaTeX yenyewe iandike majina kwa herufi za waraka. Inachukua muda, lakini jina linatoka pamoja na namba yake na hakuna mkono wa mtu unaopita katikati.

Basi akaja mwalimu Otim. Alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Lira, mtu mzima tayari, anasoma shahada ya uzamili ya mambo ya maji. Mwaka mzima alikuwa anapima maji ya chemchemi mbili za Namuwongo, ile ya juu karibu na kilima na ile ya chini karibu na reli, pale alipokuwa anakaa na bado anakaa dada yangu Filista, mama yako mkubwa. Chemchemi ya chini ilikuwa inaingiliwa na maji ya mfereji. Ya juu ilikuwa safi. Hicho ndicho alichokigundua, na ndicho alichowaahidi wakazi kwamba atawarudishia kabla hata chuo hakijampa cheti.

Aliniletea kazi ikiwa na michoro kumi na minne, yote picha, yote kwa zile herufi nene. Msimamizi wake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni kwamba michoro haisomeki na haifanani na maandishi. Siku ya mwisho ya kupokea tasnifu ilikuwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi mama yake alifariki, akapanda basi kwenda Lira kuzika. Nilimpigia simu kuomba namba zake, haikupatikana. Baadaye niliambiwa kompyuta yake ilipigwa na umeme kulekule matangani, ikafa.

Ningeweza kuiacha michoro kama ilivyo. Hakuna mtu angefeli kwa sababu ya herufi mbaya. Ningeweza kumwandikia msimamizi kwamba mwenye kazi yuko msibani. Lakini nilizitazama zile picha na sikuweza kuvumilia kwamba zitatoka mezani kwangu. Nikachora visanduku vyeupe. Nikafunika kila jina na kila namba ya mhimili, nikaandika upya juu. Ijumaa kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza. Nikaigeuza ukurasa baada ya ukurasa, nikafurahi. Haijawahi kutoka kazi nzuri kama ile pale Wandegeya.

Kwenye mchoro wa tisa kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mstari wa juu ulikuwa wa uchafu mwingi, yaani chemchemi ya chini. Mstari wa chini ulikuwa wa uchafu kidogo, yaani chemchemi ya juu. Nilifunika majina mawili kwa pamoja, na nilipoyarudisha, mkono wangu uliandika "chemchemi ya juu" kwenye mstari wa juu na "chemchemi ya chini" kwenye mstari wa chini. Yalikaa vizuri mno. Hata sikurudia kutazama.

Nimeinuka tena. Nimekwenda kumenya ndizi ambazo baba yako alikuwa amekwisha kuzimenya. Naendelea.

Otim alirudi kutoka matangani na uso wa mtu aliyezika. Tasnifu nilikuwa nimeifikisha kwa msimamizi wake Ijumaa ileile; yeye alisaini tu, akanishukuru. Mchoro wa tisa ulimpendeza hata akachapisha nakala kubwa, akampelekea mwenyekiti wa mtaa kule Namuwongo kama alivyoahidi. Mwenyekiti akaubandika kwenye mlango wa ofisi yake na kwenye nguzo njiani. Maelezo ya Kiingereza hakuna aliyeyasoma. Mchoro kila mtu aliusoma.

Ilipita miezi miwili na zaidi. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja alimwonyesha Otim ukurasa. Maandishi yanasema chemchemi ya chini ndiyo chafu. Mchoro unasema ya juu. Ipi ni kweli? Otim alisema maandishi ndiyo kweli. Wakamwomba michoro ya asili. Hakuwa nayo, ilikuwa imekufa na kompyuta. Alikuwa na madaftari yake tu. Wakamwambia madaftari mtu yeyote anaweza kuyaandika nyumbani, wakampa wiki mbili alete ushahidi, la sivyo watachukulia namba hizo amezibuni.

Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Hakuwa na hasira.

"Mama Salma," alisema, "kwenye mchoro wa tisa, kuna kitu ulibadilisha?"

Nikasema, "Nimebadilisha herufi tu, Mwalimu."

"Majina hukuyagusa?"

"Herufi tu."

Kisha akauliza, "Zile picha nilizokupa, bado unazo?"

"Nilizifuta."

Nilikuwa nazo, Salma. Zilikuwa kwenye folda yenye jina lake, na wakati naongea naye mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Alipoondoka niliifungua picha ya tisa nikaitazama, nikaona nilichofanya. Nikaifunga. Nikachukua kazi ya mtu mwingine nikaendelea kuchapa.

Miaka yote hii nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na chuki naye. Niliogopa tu kwamba wasimamizi wataacha kusema "nenda kwa Mama Salma." Nililiona jina langu linaondoka pale ukumbini na mimi nabaki nyuma ya meza kama mwanamke yeyote mwenye kompyuta. Sina sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo, na nimeitafuta.

Siku tano baadaye nilipigiwa simu kwamba Filista anaumwa. Nilimkuta amelala, midomo imekauka, ametoka kliniki na dawa za taifodi. Nilipotaka kumchemshia maji ya kunywa, jirani aliniletea ndoo iliyojaa.

Nikamuuliza, "Mmeteka wapi?"

"Hapa chini, mama," akasema. "Ile ya juu tumeacha. Walipima. Karatasi inasema ya juu iko mbaya."

Nilitoka nje. Njia ya kwenda relini naijua kwa miguu tangu nikiwa msichana, na sijui niliipitaje siku ile. Kwenye nguzo nikaiona kazi yangu. Mvua ilikuwa imeipiga lakini herufi zilisomeka vizuri sana, kubwa, zimetulia, zinafanana zote. Mama mmoja alikuwa amesimama anamsomea mwenzake, kidole kwenye mstari. Kama ningeiacha mbaya labda wangeitilia shaka. Labda mtu angeuliza. Ilikuwa inaonekana kama kitu kilichotoka kitabuni, na nani anabishana na kitabu?

Sikuibandua. Nilitaka, mkono ukakataa, kwa sababu wale kina mama wangeniuliza mimi ni nani.

Nilikwenda Wandegeya nikaweka picha zote kwenye flashi, nikaenda kwenye chumba alichokuwa amepanga Otim. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba. Wiki mbili zilikuwa hazijaisha lakini alikuwa amekata tamaa, anarudi Lira.

Nikasema, "Mwalimu, sikuzifuta."

Alichukua flashi akaichomeka kwenye kompyuta ya jirani yake. Aliitazama picha ya tisa kwa muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni, sikukaribishwa kukaa.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Uliniuliza mara mbili."

"Kama ungeniambia siku ile."

Nikamweleza kuhusu nguzo, na kwamba watu wanateka chini. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mpaka wakati huo alikuwa anafikiria mtihani wake. Alivaa viatu bila kufunga kamba.

"Twende Namuwongo kwanza," alisema. "Chuo kitangoja."

Mwenyekiti aliita watu. Walikuja kama thelathini, wakasimama mbele ya ofisi. Otim akabandua karatasi mlangoni mbele yao, akawaambia chemchemi ya chini ni chafu, wasiinywe, na karatasi ilikosewa. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Nani alikosea?"

Otim hakunitazama. Alisema, "Mimi. Kazi ni yangu, kosa ni langu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Chuoni nilisema. Nilikaa mbele ya watahini, nikawaonyesha picha ya asili na yangu, nikaeleza visanduku vyeupe na uongo wangu wa mara mbili. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu mbele ya watu ambao hawakuyanywa maji. Wakampa Otim muda wa kurekebisha. Kwa siku tatu alikaa na mimi pale ukumbini, mchana kutwa, ananisomea namba kutoka kwenye madaftari, na mimi naziingiza, mashine inachora yenyewe na kuandika majina yenyewe. Kwenye mchoro wa kumi na mbili tulikuta kosa dogo la kwake, alikuwa ameruka mwezi mmoja. Alilirekebisha kimya. Ilipotoka kazi mpya, herufi zilifanana kama zamani, na safari hii kila jina lilikuwa limeshikamana na namba yake tangu mwanzo. Alifaulu. Alinishukuru kwa adabu, na tangu hapo hajawahi kunipigia simu. Wasimamizi wawili waliacha kuniletea watu. Niliishi.

Filista alipona. Lakini ukuta mmoja na chumba chake alikuwa anakaa Mzee Kasule, fundi wa redio, na mke wake, Mama Hadija. Mzee alikuwa anateka maji mwenyewe, na zamani alikuwa anapanda mpaka ya juu na jerikeni yake. Karatasi ilipobandikwa alifurahi, maana ya chini ilikuwa karibu na magoti yake yalikuwa yanauma. Katika ile miezi aliugua tumbo, akafa. Watu walisema ni uzee. Alikuwa mzee kweli. Hakuna daktari aliyesema ni maji, wala hakuna aliyesema si maji. Mimi sijui, Salma. Nimekaa na huku kutokujua tangu ulipokuwa mdogo. Ndiyo maana kuna siku unaniona naosha chombo kilichokwisha kuoshwa. Na mama yako mkubwa, aliyelala siku zile zote na taifodi, sikuwahi kumwambia. Alikuwa ndani, mgonjwa, Otim alipojitwika kosa langu, na mpaka leo anajua lilikuwa la mwalimu.

Sasa unakwenda kukaa mbele ya namba za watu wagonjwa. Utazifanya zipendeze, kwa sababu una jicho langu, na sikuombi uliache. Zifanane. Herufi za mchoro ziwe za maandishi, msomaji asijikwae. Lakini omba namba zenyewe. Ukinyimwa, ukichelewa, ukiambiwa ni dakika kumi tu, iache ile mbaya iende hivyo ilivyo mbaya. Na ikitokea umekosea, maana utakosea, jibu ukiulizwa mara ya kwanza. Mara ya pili ni ngumu zaidi, sijui kwa nini, na baada ya hapo inakuwa miaka.

Nasikia sauti uani. Mama mkubwa amefika kukuaga, anakuita wewe. Uko kwa fundi cherehani, hujarudi. Baba yako amekwenda msikitini. Tuko wawili tu, mimi na yeye. Naiacha kalamu hapa.

*

Nimerudi. Nimemwambia.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anakuchambulia karanga za safari. Nilikaa karibu naye, nikasema yote, kuanzia visanduku vyeupe. Alichambua mpaka nilipofika kwenye kliniki, kisha akaacha. Nilipomaliza alikuwa anautazama mlango.

"Nililala pale siku kumi na moja," alisema. "Ukaja kila siku. Ukanilisha uji."

"Ndiyo, dada."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilifikiri ataondoka. Alikuwa na haki. Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Na Mzee Kasule?"

"Sijui, dada. Kweli sijui."

"Mama Hadija yuko hai," alisema. "Mpaka leo anasema mume wake alilogwa na mtu wa redio, mwenzake wa kazi. Hawasalimiani na familia ile, watoto kwa watoto."

Hilo sikuwa nalijua.

"Kesho tukimsindikiza mtoto," akasema, "tutatoka pale paki ya mabasi, tutakwenda kwake. Mimi na wewe. Utamwambia mwenyewe."

Kisha akarudi kwenye karanga. Hajasema amenisamehe, na sijamuuliza.

Kwa hiyo barua hii nitakupa ukiwa umekwisha kukaa kwenye kiti chako, ili usinizuie na nisijizuie. Ukifika hapa kwenye kusoma, huenda mmeipita Masaka, na mimi nitakuwa nimekaa kwa Mama Hadija. Sijui atanifanyia nini. Washa simu yako ukivuka mpaka wa Mutukula. Nitakupigia nikueleze alichosema, na nitakueleza chote, hata sehemu zisizopendeza.

Mama yako